Je, Ni Kumjaribu Mungu Kuhesabu Mafuriko Yajayo?



Sisi wa Kamina twakaa juu. Mji wetu umejengwa uwandani, zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na maji ya mvua ya upande wetu hugawanyika: mengine huteremkia mto Lomami, mengine huteremkia Lualaba. Mvua ikinyesha usiku kucha, asubuhi twaona madimbwi na makorongo, lakini hatuoni mto mkubwa ukiingia mlangoni. Kwa hiyo ni rahisi kwetu kusema kwamba habari za mafuriko ni za watu wengine. Lakini siku ya Ijumaa twala samaki, na samaki huyo twajua alikotoka: bondeni, upande wa Bukama, Kinkondja na Malemba-Nkulu, kwa ndugu zetu wanaokaa kando ya Lualaba na maziwa ya Upemba. Maji yanayowatisha wao ndiyo yanayotulisha sisi.

Juu ya maji hayo watu husema maneno ya namna mbili. Wa kwanza husema: “Mafuriko ni shauri la Mungu. Nani ajuaye ya kesho? Kuhesabu mambo yasiyokuja bado ni kumjaribu Mungu.” Wa pili ni mtu aliyesoma kidogo. Yeye husema: “Wataalamu wamekwisha kuhesabu. Yale yalikuwa mafuriko ya miaka mia. Tumekwisha kuyaona, basi hayatarudi tena ila kwa wajukuu wetu.” Maneno haya yaonekana kama yapingana, lakini yana mwisho mmoja: wote wawili wanakwenda kulala, wala hawafanyi neno. Tunataka kuonyesha kwamba wote wawili wamekosea, na kwamba kosa lao si la hesabu tu, bali lagusa dhamiri.

Kwanza tuutazame mto wenyewe. Lualaba huanza kusini, karibu na mpaka wa Zambia, hupita upande wa Kolwezi, hushuka kwa nguvu katika magenge ya Nzilo, kisha hufika Bukama, mahali ambapo meli zaweza kuanza kusafiri. Baada ya Bukama nchi ni tambarare sana. Mto hutanuka, huingia katika mafunjo na matete, hukutana na maziwa mengi, kama Upemba na Kisale, nao mto Lufira waingia humo pia. Mvua za huku kwetu huanza kunyesha mnamo Oktoba au Novemba na kuendelea hata Aprili. Maji yake hayafiki yote kwa siku moja. Bonde huyapokea kama sifongo, huyashika, halafu huyaachilia polepole kuelekea Ankoro, Kabalo na Kongolo. Kwa hiyo mafuriko ya mto mkubwa si kama yale ya kijito cha mlimani. Mwezi wa Mei 2023, huko Kalehe katika Kivu ya Kusini, maji yaliteremka ghafula juu ya vijiji vya Bushushu na Nyamukubi, na mamia ya watu wakafa. Lualaba hauna desturi ya kuja hivyo. Wenyewe hupanda kidogo kidogo, siku kwa siku, kama mtu anayepanda ngazi.

Tena maji hayo si adui tu. Yanapoenea juu ya majani, samaki huzaa humo. Yanaporudi, huacha udongo mzuri. Watu wamekaa huko tangu zamani sana. Mwaka 1957 na 1958 wataalamu walichimba makaburi ya kale huko Sanga, kando ya ziwa Kisale, wakaona kwamba watu waliishi pale zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, wakivua na kufua shaba. Basi asije mtu akasema kwamba wakaaji wa bondeni ni wajinga wasiojua kuchagua mahali pa kukaa. Walichagua kwa akili. Swali ni jingine: kila mwaka maji hupanda, lakini mwaka fulani yatapanda kupita desturi. Ni mwaka gani, nayo yatafika wapi?

Mwaka gani, hakuna mwanadamu ajuaye. Hapo mtu wetu wa kwanza asema kweli. Lakini kutojua siku si kutojua neno lolote. Tufanye mfano. Chukua kikapu, tia maharagwe 100: 99 meupe, na 1 jekundu. Kila mwaka mtoto mmoja afumbe macho, atoe haragwe moja, alionyeshe, kisha alirudishe kikapuni. Likitoka jekundu, mwaka huo yamekuja mafuriko makubwa. Hiyo ndiyo maana ya maneno “mafuriko ya miaka mia”: ni mafuriko ambayo kila mwaka yana nafasi 1 katika 100 ya kuja. Je, haragwe jekundu likiisha kutoka mwaka huu, mwaka ujao haliwezi kutoka? Laweza kabisa, maana limerudishwa kikapuni. Hapo ndipo mtu wetu wa pili alipopotea. Alidhani mto una kalenda, kumbe mto hauna kalenda.

Tuendelee na hesabu kidogo. Mtu akijenga nyumba mahali panapofikiwa na mafuriko ya namna hiyo, akakaa humo miaka 30, nafasi ya kuyaona walau mara moja ni kama 26 katika 100, yaani zaidi ya robo. Akikaa miaka 70, maisha ya mzee, ni kama nusu kwa nusu. Wala wazazi wa kijiji kizima wasidhani kwamba 1 katika 100 ni kitu kidogo cha kudharauliwa. Kwa mwaka mmoja ni kidogo. Kwa maisha ya mtoto anayebatizwa leo si kidogo hata kidogo.

Lakini mwenye akili atauliza: nani amehesabu maharagwe? Nani ajuaye kwamba jekundu ni moja, wala si mawili au matatu? Swali hilo ni zuri sana, na jibu lake ndilo kiini cha neno letu. Hakuna aliyefunua kikapu. Wataalamu hutazama maharagwe yaliyokwisha kutoka tu. Kando ya mto husimamishwa ubao wa kipimo wenye alama za mita na sentimita, na mtu huusoma kila asubuhi na kuandika kitabuni. Kila mwaka huchaguliwa siku moja tu, ile ambayo maji yalipanda kupita siku zote za mwaka huo. Miaka 40 hutoa tarakimu 40. Tarakimu hizo hupangwa kuanzia kubwa hata ndogo. Ile kubwa kupita zote hukadiriwa kuwa ni ya kuonekana mara moja katika miaka 41 hivi, na ya pili mara moja katika miaka 20 hivi. Na ile ya miaka mia, ambayo labda haijaonekana bado? Hiyo hutafutwa kwa kuendeleza mstari kupita mahali ushahidi ulipokomea. Mmoja wa mabingwa wa elimu hiyo alikuwa Emil Julius Gumbel, Mjerumani aliyeondolewa katika chuo kikuu cha Heidelberg mwaka 1932 kwa sababu ya maneno yake juu ya vita, akahamia Ufaransa, kisha Marekani, na mwaka 1958 akatoa kitabu kikubwa juu ya hesabu za mambo yanayopita kiasi.

Sasa msomaji aone udhaifu wake. Aliyetoa maharagwe 40 kutoka kikapu cha 100 hawezi kuapa juu ya kikapu kizima. Mwaka mmoja wa ajabu ukiongezwa, mstari wote hupinda. Tena maharagwe mekundu hayakai yametawanyika vizuri. Mwingereza Harold Edwin Hurst, aliyefika Misri mwaka 1906 na kufanya kazi huko maisha yake yote, aliutazama mto Nili pamoja na vipimo vya maji vya kisiwa cha Roda, karibu na Kairo, ambavyo maandishi yake yameanza katika karne ya 7. Aliona kwamba miaka ya maji mengi hupenda kufuatana, na miaka ya maji machache hali kadhalika. Aliyaandika hayo mwaka 1951. Baadaye, mwaka 1968, wataalamu Mandelbrot na Wallis wakalipa jambo hilo jina la Yosefu, kwa ajili ya ile miaka saba ya shibe na saba ya njaa. Na mambo yanayopita kiasi kwa ghafula wakayapa jina la Noe.

Sisi Waafrika nasi tuliona jambo hilo kwa macho yetu. Mwishoni mwa mwaka 1961 mvua zilinyesha bila kiasi katika Afrika ya Mashariki na katika bonde la Kongo. Ziwa Viktoria likapanda zaidi ya mita 2 hata kufika mwaka 1964, wala halikurudi upesi mahali pake pa zamani. Ziwa Tanganyika nalo likajaa. Huko Kinshasa mto Kongo ukafika alama ambayo haikuwahi kuandikwa tangu vipimo vilipoanzishwa mwanzoni mwa karne ya 20: maji yapatayo mita za ujazo 80,000 kila sekunde, karibu mara mbili ya kawaida yake. Mtu aliyefanya hesabu yake mwaka 1960, kwa uaminifu wote na kwa vitabu vyote alivyokuwa navyo, angaliita jambo hilo haliwezekani. Kisha miaka mingi ikapita. Watoto wakazaliwa, wakazeeka, nyumba zikajengwa kando ya maji, watu wakasema 1961 ni hadithi ya wazee. Mwezi wa Januari 2024 mto ukapanda tena Kinshasa, ukabakiza sentimita chache tu kufikia ile alama ya 1961, na katika majira hayo mikoa 18 kati ya 26 ya nchi yetu ikapata mafuriko.

Zaidi ya hayo, kikapu chenyewe chabadilika. Hewa ya dunia yapata joto, na hewa yenye joto hubeba maji mengi zaidi: kwa kila digrii moja, karibu mafungu 7 katika 100. Ni kama mtu aliyekuja usiku akatia maharagwe mekundu mengine bila kutuambia idadi.

Basi, wasomaji, mtu aweza kusema: “Ikiwa hesabu hiyo ni dhaifu hivyo, heri tuiache.” La. Daktari naye hawezi kuapa kwamba mgonjwa atapona, lakini hatumfukuzi. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, alipoieleza fadhila ya busara, alihesabu ndani yake kumbukumbu ya yaliyopita, kuona mbele, na tahadhari. Hakufundisha kwamba mwenye busara ajua yote yajayo. Alifundisha kwamba Mungu amempa mwanadamu akili ili ayapange mambo yake yajayo kwa kadiri ya anavyojua. Kwa hiyo kuhesabu mafuriko si kumjaribu Mungu. Kumjaribu Mungu ni kukataa kutumia akili aliyotupa, kisha kumdai muujiza.

Tena tusiseme kwamba waliozama walikuwa wakosefu kupita wengine. Bwana wetu Yezu Kristu aliulizwa habari kama hiyo, naye akataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akakana wazi kwamba walikuwa na dhambi kupita wakaaji wengine wa Yerusalemu. Anayewaambia wavuvi wa Kisale kwamba maji yamewapata kwa ajili ya makosa yao, ajihadhari: asema neno ambalo Bwana alilikataa.

Tuzichukue sasa zile sehemu tatu za busara, moja moja, tuone zinatudai nini.

Kumbukumbu ya mto ni kile kitabu cha vipimo. Fikiri juu ya mtu aliyepewa kazi ya kusoma ubao kila asubuhi. Mshahara wake ni mdogo, na hakuna amtazamaye. Asubuhi moja mvua yanyesha kwa nguvu, njia ina matope, ubao u mbali. Anabaki kitandani na kuandika tarakimu ya jana. Ameiba nini? Yaonekana hakuiba kitu. Lakini asubuhi ile ya mvua kubwa ndiyo hasa iliyotakiwa, maana mafuriko hupimwa siku ambayo ni vigumu kwenda. Kwa uongo wake haragwe jekundu limeandikwa jeupe. Baada ya miaka 30 mtu asiyemjua atajenga shule mahali pabaya kwa kuiamini tarakimu ile. Amri ya nane yakataza ushahidi wa uongo juu ya jirani. Kumbe yahusu hata jirani ambaye hajazaliwa. Na walio juu yake wajiulize pia. Vipimo vingi vya mito katika nchi yetu viliachwa katika miaka iliyofuata 1960, kwa vita, kwa ukosefu wa fedha, kwa uzembe. Asiyemlipa mtu wa ubao, kisha amlaumu kwa kutokwenda, hana haki.

Kuona mbele ni kazi ya mtaalamu. Yeye deni lake ni kusema ukweli wote. Akiulizwa, asitoe tarakimu moja kavu kana kwamba ameshushiwa kutoka mbinguni. Aseme: “Nadhani ni mafuriko ya miaka mia, lakini kwa kuwa vitabu vyangu ni vya miaka michache, yaweza kuwa ya miaka 50, yaweza kuwa ya miaka 200.” Atachekwa na wakubwa wapendao majibu mafupi. Hata hivyo, anayeficha shaka yake ili aonekane bingwa anawatwisha watu wengine hatari ya kosa lake. Nasi tunaosikia tuna deni letu. Akisema kwamba mwaka huu kuna nafasi 1 katika 5, na maji yasije, tusimwite mwongo. Aliyesema 1 katika 5 amekwisha kutuambia kwamba mara 4 hayatakuja. Mapadri, walimu na makatekista wangefanya vema kulieleza jambo hili kwa watu, kwa maana kijiji kilichomcheka mwonyaji mara moja hakimsikilizi mara ya pili.

Tahadhari ndiyo iliyo ngumu kupita zote, kwa sababu ina gharama. Ni rahisi kwa mtu wa Kamina kuwaambia wa bondeni: “Hameni, mje juu.” Wavue nini huku juu? Hesabu yaweza kutuambia maji yatafika wapi kwa nafasi gani, lakini haiwezi kutuambia nani ahame, nani alipe. Hilo ni swali la haki. Tumkumbuke tena Yosefu. Alipomweleza Farao ile miaka saba, hakuwaambia Wamisri wenye mashamba mabaya wajitafutie njia yao. Alishauri sehemu moja ya tano ya mavuno itengwe katika nchi nzima, kwa mwenye shamba zuri na kwa mwenye shamba baya, tena wakati wa shibe, wakati ambao hakuna aliyekuwa na njaa.

Sehemu ya tano ya kwetu ni nini? Si mambo makubwa ya ajabu. Ni shule na zahanati ya bondeni kujengwa mahali palipoinuka, hata kama kiwanja cha chini ni rahisi zaidi. Ni mbegu kidogo kuwekwa akiba mbali na maji. Ni ubao wa kipimo Bukama na vituo vingine vya chini, na mtu mwaminifu anayelipwa kwa wakati. Ni habari kutangulia maji: kwa kuwa Lualaba wapanda polepole, anayeona alama Bukama aweza kupiga simu, na redio yaweza kutangaza, na kengele ya misioni yaweza kulia, siku nyingi kabla maji hayajafika Kabalo. Mungu ameumba mto huu mpole kiasi cha kutupa nafasi ya kuonyana. Tukinyamaza katika nafasi hiyo, tusiseme baadaye kwamba ni yeye aliyetaka.

Sala tusiiache. Twaomba mvua, twaomba ulinzi, na twafanya vema. Lakini anayeomba Mungu awalinde wavuvi wa Upemba, naye akakataa kutoa faranga chache za ubao na za mtu wa kuusoma, hana budi kuichunguza sala yake. Ijumaa ijayo, samaki atakapowekwa mezani, tukumbuke kwamba deni lake halikwisha sokoni.